Shati Ndani ya Sanduku la Bati

Jumamosi, 7 Septemba 2024

Umeme hakuna tangu saa nane. Sketi nne nimezimaliza kwa cherehani ya miguu, mbili zimebaki. Mwenyewe kasema Jumatatu mtoto haingii darasani bila sare. Nitashona kesho baada ya misa, Mungu anisamehe.

Kijana wangu kafika jioni, pikipiki hata hajaizima. Kaninyooshea simu. "Mama, soma." Nikasoma na miwani imejaa vumbi. Mzee Ali Kibao wa CHADEMA. Jana jioni, basi la kwenda Tanga, pale Tegeta. Watu wenye silaha wakamtia pingu, wakashuka naye. Abiria wanaona. Hajulikani alipo.

Nilichokwama nacho ni hao abiria. Dereva aliingiza gia. Aliyekaa kiti cha jirani alibaki na nafasi ya kunyoosha miguu mpaka Tanga. Aliifanyia nini ile nafasi? Aliweka mfuko wake pale? Au aliiacha wazi njia nzima?

Mishumaa imebaki miwili. Nalala.

Jumapili, 8 Septemba

Amepatikana. Ununio, hukohuko Dar. Yuko mochwari ya Mwananyamala. Mbowe, mwenyekiti wa CHADEMA, katoka kusema: kapigwa, na usoni kamwagiwa tindikali.

Neno hilo sikulitaka. Huku kwetu tindikali ni kitu cha kazi, sonara wa karibu na stendi anasafishia dhahabu. Namwona kila siku nikipita. Akifungua kichupa, anakishika kwa mbali, mkono kaunyoosha, uso kaugeuza pembeni. Kwa tone moja tu mtu anageuza uso.

Misa ya kwanza niliwahi. Hii misheni ipo tangu 1891, ukuta wake unapoa hata kwenye joto la Septemba, nikakaa nimeuegemea. Padri kawaombea marehemu wote. Labda alikuwa hajasikia. Mimi nilimtaja kimoyomoyo, halafu nikamtaja na mdogo wangu, kama kawaida, mmoja nyuma ya mwingine, kama vile walikuwa wanafahamiana.

Usiku. Rais kaandika. Kaagiza vyombo vya uchunguzi vimpelekee taarifa ya kina, haraka, ya tukio hili na mengine ya namna hii.

Nimesoma mara tatu. Sitaficha, nimefurahi. Hilo neno "haraka" lilinifanya nisimame. Na hilo "mengine ya namna hii". Mengine mangapi? Mpaka ya mwaka gani? Je, yanafika hadi huku, au yanaishia Dar?

Sketi mbili sijazigusa.

Jumatatu, 9 Septemba

Wamemzika Tanga leo. Kijana alikuwa ananifuatishia kwenye simu, mimi mguu uko kwenye pedeli. Waziri Masauni alipoinuka kusema, waombolezaji wakampigia kelele. Msibani! Nimeshtuka. Kwetu msibani hata adui anapewa kiti na maji ya kunawa.

Halafu jioni nikawa nawaza tofauti. Watu hawakatai mgeni msibani bila sababu. Walichokuwa wanakikataa ni ahadi. Wamepewa ahadi hiyohiyo kwenye misiba mingine, wakarudi nyumbani nayo, ikaoza.

Mama wa sketi kachukua. Kalipa nusu.

Jumanne, 10 Septemba

Kibarazani kwangu leo palijaa. Nikishona, watu wanakaa kwenye benchi kana kwamba cherehani ni redio. Mjadala ule mmoja. Mzee wa mizani, yule anayenunua dhahabu kwa vijana, kasema: "Mtasikia wiki ijayo, uchunguzi unaendelea." Benchi zima likaitikia kama litania. Uchunguzi unaendelea.

Nimekaa na maneno hayo mchana kutwa. Kwenye Kiswahili chetu kitu kinachoendelea kinakwenda mahali. Mahindi yanaendelea kukua, mtoto anaendelea vizuri wodini. Hiki peke yake kinaendelea pasipo kufika.

Mzee kakumbusha ya Mahenge. Aliwahi kuuza mawe kule, anawajua watu wa kule. Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini na dereva teksi, Dar, msitu wa Pande. Polisi wakatangaza wameua majambazi, mapambano ya risasi, kwisha. Ndugu wakakataa. Walikataa kabisa, wakapiga kelele hadi Kikwete akaunda tume, Jaji Kipenka. Tume ndiyo iliyokuja kusema wale hawakuwa majambazi. Mahakamani ikachukua miaka, 2009 polisi walioshtakiwa wakaachiwa wote, rufaa, 2016 ofisa mmoja ndiye akahukumiwa kunyongwa. Miaka kumi! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa darasa la nne.

"Lakini ilifika," mzee akasema. "Kwa sababu aliyechunguza hakuwa yuleyule aliyetangaza."

Hapo niliacha kukanyaga pedeli. Nimeliandika nisilisahau. Aliyechunguza hakuwa yuleyule aliyetangaza.

Marekani na wale wa Umoja wa Ulaya nao wametoa tamko wanataka uchunguzi huru. Mmoja pale benchi kachukia, hawa wazungu wanatuingilia nini. Naye nimemwelewa. Nisingependa nifundishwe na balozi wa mtu kumlilia Mtanzania mwenzangu. Ila basi tuseme sisi kwanza, tena kwa sauti.

Alhamisi, 12 Septemba

Leo ndiyo tarehe.

Sikufungua kibanda. Nimepika ugali wa muhogo na dagaa kama mdogo wangu alivyopenda, nikala peke yangu, kijana yuko barabarani. Miaka kumi na moja. Angekuwa na thelathini na saba. Angekuwa ameota kitambi, baba alikuwa nacho.

Sanduku liko chini ya kitanda. Nimelisogeza nikafagia, nikalirudisha. Sijafungua.

Walisema kaanguka kwenye duara la machimbo usiku. Futi themanini. Sijui. Mimi sikuwepo. Sijawahi kumtaja mtu yeyote kwa jina, wala sitamtaja, maana sijui. Mtu asiyejua akitaja jina anaua mwingine.

Ila shati nalijua. Nililishona mimi.

Basi. Leo siwezi zaidi ya hapo.

Jumamosi, 14 Septemba

Katoro, kuchukua vitambaa. Barabara ya Nyikonga vumbi tupu, nimefika kichwa chekundu kama tofali. Bei ya tetroni imepanda. Nimechukua roli moja nyeupe, moja ya bluu, mpira wa kiunoni, na uzi boksi mbili.

Siwezi kupita Katoro bila kumkumbuka Mawazo. Alphonce Mawazo, mwenyekiti wa CHADEMA wa mkoa. Tarehe kumi na nne Novemba 2015, Jumamosi kama leo, uchaguzi umeisha siku si nyingi, alikuwa kagombea Busanda. Wakamshambulia kwa mapanga mchana kweupe, mji uko wazi, watu wananunua nyanya. Mama ninayenunuaga kwake vifungo alikuwepo siku hiyo sokoni. Tunajuana miaka kumi na tano na hajawahi kunihadithia. Leo nilimuuliza tu, "Umesikia ya Tanga?" Akapima vifungo, akafunga karatasi, akaniwekea vitano vya ziada mkononi. Akasema, "Safari njema, dada."

Sijui kama aliwahi kuulizwa na yeyote mwenye kalamu.

Na ule msiba. Polisi wa Mwanza walizuia watu kumuaga, walisema kipindupindu. Familia ikaenda Mahakama Kuu kuomba ruhusa ya kumlilia mtu wao. Wakashinda, wakamuaga Furahisha, akazikwa Chikobe. Siku zile kesi ya kuaga iliisha ndani ya wiki mbili. Mahakama ikiwa na haraka, inaweza. Hilo nililiona kwa macho yangu.

Kwenye gari kurudi nimekaa dirishani. Mwanamke mmoja kaniuliza hivyo vitambaa vya sare ya shule gani, tukaongea ya watoto njia nzima. Nilishukuru.

Jumanne, 17 Septemba

Rais kahutubia Moshi, shule ya polisi, miaka sitini ya Jeshi la Polisi. Redio niliiweka juu ya meza ya kukatia. Kaongelea kifo cha Kibao, kawaongelea na mabalozi kwa ukali. Kasema vifo vingine havipigiwi kelele hivi.

Hapo nilimsikia. Ni kweli. Cha mdogo wangu hakikupigiwa kelele. Hakuna balozi aliyeandika. Lakini mama, mimi sikuhitaji kelele za huyu zipungue ili za kwangu zisikike. Nilitaka ziongezeke.

Na nimekumbuka ya 2022. Yule kijana wa madini wa Mtwara, aliyekuwa akidai fedha zake kwa askari, akaja kukutwa kafa. Rais huyuhuyu, Februari ile, yuko Magu, hapa hapa kwetu kanda ya ziwa, akakataa polisi wajichunguze wenyewe. Akamwagiza Waziri Mkuu aunde timu nyingine. Nilikuwa nimekaa palepale nilipokaa leo, nikapiga makofi peke yangu kibandani. Mteja akadhani nimechanganyikiwa.

Kwa hiyo anajua. Hilo ndilo linalonitesa zaidi kuliko kama angekuwa hajui. Alilolisema Magu lilikuwa sawa kwa Mtwara. Kwa nini Ununio lisiwe sawa?

Usiku zaidi. Joto. Malori ya Rwanda hayalali. Nimesikia tena ile hotuba kwenye simu ya kijana, labda nilikosa neno. Sikukosa.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimegombana na kijana.

Anataka kwenda Dar, maandamano ya CHADEMA ya Jumatatu. Anasema atapanda basi la alfajiri ya kesho. Basi! Kati ya vitu vyote.

Nilimwambia ya Akwilina. Nikamwambia tena. Akwilina hata kwenye maandamano hakuwepo, mtoto wa watu, mwanafunzi wa NIT, yuko kwenye daladala kakaa, Februari 2018, risasi ikamfuata humo humo. Wakakamatwa askari sita, tukasema safi. Aprili DPP akafunga jalada, haijulikani risasi ilitoka bunduki ipi. Imefungwa. Kama mwalimu anavyofuta ubao.

Kijana akasema, "Mama, ndiyo maana naenda."

Sikuwa na jibu. Nikamwambia tu kwamba mimi nimebaki na sanduku moja chini ya kitanda na sina nafasi ya la pili. Akanyamaza. Akatoka. Kapitisha pikipiki kwa mkono mpaka barabarani ndipo akaiwasha, ili nisisikie imeondoka kwa hasira. Nilisikia.

Ee Mungu, nimesema maneno makubwa mno kwa mtoto.

Jumamosi, 21 Septemba

Hakwenda. Alfajiri nilisikia basi linapiga honi stendi, nikahesabu. Saa kumi na mbili na nusu akaingia na maandazi. "Shikamoo, mama." Marahaba. Hatukuongea zaidi. Kakaa kwenye benchi akanisaidia kuchomeka mipira ya viunoni, vidole vizito vile, hajagusa kazi hii tangu yuko la saba.

Nimefurahi hadi nimeona aibu. Watoto wa wengine watakwenda.

Jumatatu, 23 Septemba

Wamekamatwa, Mbowe, Lissu, na wengine. Dar nzima magari ya polisi. Walikuwa wanataka nini? Waelezwe walipo watu wao waliopotea, Soka na wenzake, na nani kamuua Kibao. Usiku nasikia wameachiwa kwa dhamana.

Mchana nilikuwa nawaza kitu kimoja. Kwenye simu ya kijana kuna ile picha ya Mwangosi, Nyololo, 2 Septemba 2012. Miaka kumi na mbili imetimia mwezi huuhuu na sikusikia mtu akiitaja. Askari wamemzunguka mwandishi, na baadaye lile bomu. Siku zile zilitoka taarifa tatu, kamati ya waziri, tume ya haki za binadamu, baraza la habari, na hazikufanana. Moja inasema hivi, nyingine inasema vile, utadhani walikwenda vijiji tofauti. Lakini picha ilikuwepo. 2016 askari mmoja akafungwa miaka kumi na mitano. Mmoja, na pale kwenye picha wanaonekana wengi. Ila asingefungwa hata huyo mmoja bila picha.

Mimi sina picha. Nina shati.

Jumatano, 25 Septemba

Redioni wakili alikuwa anaelezea Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, ya 1980. Kumbe hakimu anaweza kukaa kama korona, akaita mashahidi, kila mmoja akasema alichokiona, ikaandikwa. Hahitaji mshtakiwa. Haulizwi kwanza nani kaua. Linaulizwa: huyu kafaje?

Kafaje. Swali dogo hivyo. Miaka kumi na moja sikujua kama kuna mahali pa kulipeleka bila kwanza kuleta jina la mtu. Pale kituoni siku ile waliniuliza, "Unamshuku nani?" Nikasema simshuku mtu, nataka muone nguo. Yule aliyekuwa mezani hakuinua macho. Akaandika namba kwenye kikaratasi, akanipa. RB. Akasema tutakuita.

Sikuitwa. Nilikwenda mara nne mwaka ule, mwaka uliofuata mara mbili. Halafu mama akaugua, halafu akafa, halafu ukawa hukwendi mahali kwa sababu hukwenda juzi.

Ninachofikiri, na hiki ni cha kwangu, si cha benchi: watu hawaamini uchunguzi si kwa kuwa wanajua jibu. Mimi jibu silijui. Hatuamini kwa sababu tulikuwepo na hatukuulizwa. Abiria wa lile basi wanajua jinsi sauti zilivyokuwa, viatu, nani alitangulia kushuka. Mama wa vifungo anajua. Kila mmoja amekaa na kipande chake, kinamuwasha. Halafu inasomwa taarifa na kipande chako hakimo. Utaiaminije? Unajua kabisa kuna kitu kimekosekana, kwa sababu kiko mkononi mwako.

Mvua ilitishia jioni, upepo tu na majani. Bado.

Jumapili, 29 Septemba

Nimefungua sanduku.

Nilimwita kijana akae nami. Kufuli lilikuwa limeota kutu, kalipiga kwa nyundo mara mbili. Ndani kuna harufu ya dawa ya nondo na kitu kingine kama udongo mkavu. Kikaratasi cha RB kiko juu, kwenye kimfuko cha nailoni. Wino wa bluu umegeuka kijivu, namba ya mwisho sijui ni saba au moja. Picha yake ya kipaimara. Mkanda wa mtoto, wa kijana huyuhuyu. Na shati chini.

Kijana hakuwahi kuliona. Alikuwa na miaka tisa.

Nililitandaza kwenye meza ya kukatia, juu ya gazeti. Bluu ya maji ya ziwa, tetroni, kola ngumu, mfuko mmoja kushoto. Alitaka mfuko wenye kifuniko ili asiangushe pesa akiinama. Vifungo saba. Cha tatu kutoka juu nilikosa uzi wa bluu siku ile, nikatia wa njano, nikamwambia nitakibadilisha. "Acha dada," akasema, "nitakuwa nalitambua shati langu."

Kijana akanyoosha kidole, asiguse. "Mama, hapa?"

Hapo.

Nikamfundisha kama ninavyowafundisha wasichana wanaokuja kujifunza. Nilichukua kipande cha tetroni nyeupe nikakichana mbele yake. Angalia. Kinapasuka kwa kufuata uzi, moja kwa moja, ama wima ama ulalo. Hakijui kwenda mshazari. Nikatoka nje nikakivutia kwenye pembe ya tofali: kimetoa nyuzi, kimekuwa na manyoya, kimejivuta. Jiwe linafanya hivyo, mwamba, mti, msumari. Halafu nikachukua wembe. Ukingo safi, nyuzi zote zimeishia pamoja, na unaweza kwenda mshazari unavyotaka.

Akatazama kipande. Akatazama shati. Akatazama kipande.

Hakusema kitu kwa muda mrefu. Halafu akauliza, "Na hukuwaambia?"

Niliwaambia, mwanangu.

Jumanne, 1 Oktoba

Nimekwenda. Nimevaa kitenge cha kanisani. Kijana kanipeleka, kasubiri nje chini ya mwarobaini.

Pale mezani alikuwepo konstebo mdogo sana, pengine hata ishirini na tano hajafika. Kanipa kiti. Shikamoo mama. Nikatoa kikaratasi. Kakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, kajaribu saba, kajaribu moja. Kaenda chumba cha ndani, nikasikia makabati, nikasikia anauliza mtu, nikasikia kicheko kifupi cha huyo mtu. Karudi na vumbi mikononi.

Jalada la mwaka ule halipo hapa. Huenda lilihamishwa, mkoa ulipokuwa mpya, mambo yalikuwa yanahamahama. Atajaribu kuuliza. Niandike namba ya simu.

Nikamuuliza je, naweza kuacha maelezo ya maandishi? Akafikiri. Kwa dhati, nilimwona anafikiri. Akasema, "Mama andika. Andika kila kitu, uje nayo, mimi nitayapokea na nitakugongea muhuri kwamba nimepokea."

Nilipofika kwenye pikipiki miguu ilikuwa inatetemeka. Kijana kaniuliza vipi. Nikasema tupitie dukani, ninunue karatasi zenye mistari.

Pengine hatakuwepo nikirudi. Wanahamishwa. Pengine atakuwepo.

Jumatano, 2 Oktoba

Umeme upo. Mlango nimefunga, wateja wamegonga, wamekwenda. Naandika hapa kwanza, kesho nitanakili kwa mwandiko mzuri.

Shati la mikono mifupi, tetroni ya bluu, nimelishona mwenyewe Juni 2013. Kifua inchi thelathini na nane, bega kumi na saba, urefu ishirini na tisa. Nililipokea pamoja na mwili wake. Sijalifua.

Mgongoni, upande wa kushoto, inchi sita na robo chini ya mshono wa bega, kuna mkato mmoja. Urefu wake inchi moja na robo tatu. Unakwenda mshazari, juu karibu na uti wa mgongo, chini kuelekea ubavuni. Kingo zote mbili ni safi. Nimetumia kioo cha kukuzia cha sonara, kaniazima leo asubuhi bila kuniuliza cha nini. Nyuzi za wima na za ulalo zimekatika pamoja. Hakuna iliyovutika.

Fulana ya ndani ina mkato mahali palepale. Nimeziweka moja juu ya nyingine na kupitisha sindano. Imepita zote mbili bila kugusa kitambaa.

Kwenye magoti ya suruali kuna michubuko miwili, hiyo ni ya mwamba. Nimeipima pia, ukurasa unaofuata.

Vifungo viko sita. Cha tatu kutoka juu hakipo. Kilishonwa kwa uzi wa njano, na vipande viwili vya uzi bado viko kwenye matundu ya sindano, kimoja kifupi, kimoja kirefu kama nusu inchi.